Kabla ya Kumwita Fundi, Ketini Ninyi Wawili



Somo letu safari hii linahusu nyumba. Sisemi nyumba kwa mfano, kama tunavyozoea kusikia katika mahubiri ya arusi. Nasema nyumba yenyewe, yenye kuta zilizopasuka, mabati yaliyoshika kutu na milango isiyofungika. Mume na mke wanaweza kuishi kwa amani miaka 15, kisha wakaanza kutengeneza nyumba ya zamani, na kabla mabati hayajamalizika kupigiliwa wakawa hawasemezani. Tujiulize ni kwa nini, na tuone jinsi ya kujikinga.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi wa Kizungu walijenga nyumba nyingi katika mashamba ya Trans Nzoia: za mawe, za mbao na za matofali, zenye meko ya kuotea moto sebuleni kwa sababu ya baridi. Baada ya Uhuru mashamba mengi yalibadilisha wenyewe. Mengine serikali iliyagawa katika mipango ya makazi, na mengine yalinunuliwa na watu waliochanga fedha katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua mashamba. Wengi wa wanunuzi hao walitoka Bungoma. Ndiyo maana mpaka leo familia nyingi zina nyumba mbili: moja Kitale, iliyo shambani, na nyingine Bungoma, ambako ndiko nyumbani kwa baba. Nyumba zote mbili zinazeeka pamoja, na mfuko ni mmoja.

MFANO WA MUME NA MKE

Tuchukue mfano. Tuseme mume ni mwalimu wa shule ya msingi, naye ni kifungua mimba wa wazazi wake. Mke analima ekari tatu za mahindi na kuuza nguo sokoni Kitale. Wana watoto wanne. Wanaishi upande wa Kiminini katika nyumba ya mawe iliyokuwa ya karani wa shamba la mlowezi, ambayo waliinunua pamoja na shamba lao. Kila mvua inaponyesha, mke huweka beseni mbili sebuleni na kukisogeza kitanda cha watoto mpaka karibu na mlango. Kule Bungoma mama mzazi wa mume, ambaye ni mjane, anaishi katika nyumba ya udongo yenye mabati iliyojengwa na marehemu mzee. Ukuta wa nyuma umepasuka na kuinama.

Mwezi wa Desemba mahindi yameuzwa. Mke anajua moyoni mwake kwamba fedha hizo ni za paa la Kitale, naye amekwisha kumpa fundi arubuni bila kumwambia mumewe. Mume anajua moyoni mwake kwamba fedha hizo ni za nyumba ya mama. Wiki ya kwanza ya Januari mke anafua suruali ya mumewe, na mfukoni anakuta risiti ya hadiwea ya Bungoma: mifuko 20 ya simiti. Anauliza. Mume anamjibu, "Mama Watoto, unataka mama yangu aangukiwe na ukuta?" Mke naye anasema, "Baba Watoto, na hawa wanaonyeshewa kitandani ni watoto wa nani?"

Nani ana makosa? Mume anaikumbuka amri ya nne, inayotuagiza kuwaheshimu wazazi. Mke anakumbuka kwamba siku ya arusi wao wawili waliwaacha wazazi wao ili wawe nyumba moja. Wote wawili wanasema kweli. Kosa lao ni kwamba kila mmoja alifanya hesabu peke yake, na kila mmoja akamwita fundi wake. Tutawarudia watu hawa wawili kadiri tunavyoendelea na somo.

SOMO LA KWANZA: ITAZAMENI NYUMBA PAMOJA

Katika Biblia, kitabu cha Walawi sura ya 14, kuna sheria juu ya nyumba yenye ugonjwa ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kuamua mwenyewe. Alimwita kuhani. Kuhani aliamuru vyombo vitolewe kwanza, akaingia akatazama, kisha akaifunga nyumba siku saba. Siku ya saba alirudi kuona kama madoa yameenea. Yakiwa yameenea, yalitolewa mawe yale mabovu tu, plasta ikakwanguliwa, na mawe mengine yakawekwa mahali pake. Ni hapo tu ugonjwa uliporudi tena ndipo nyumba ilipobomolewa.

Utaratibu huo ungali mzuri hata leo: kutazama, kungoja, kutazama tena, kuondoa kilichooza tu, na kubomoa iwe neno la mwisho. Fundi mwenye haraka huanza na neno la mwisho.

Basi tengeni siku moja muitazame nyumba pamoja, mke na mume, mkiwa na kalamu na daftari. Paa linakaguliwa vizuri zaidi mvua inaponyesha. Pandeni darini na tochi mfuate maji yanakotoka, kwa maana maji huingia mahali pamoja, yakatambaa juu ya mbao, na kudondokea mahali pengine. Kukiwa na jua, zimeni taa mtazame juu: kila tundu la msumari litaonekana kama nyota. Chomeni mbao kwa kisu. Kisu kikiingia kama katika ndizi, mbao hiyo imekwisha. Tazameni chini ya kuta kama kuna njia za udongo za mchwa.

Ufa wa ukutani nao una lugha yake. Pigeni mstari wa penseli pale ufa unapoishia, mwandike tarehe. Mngoje msimu mmoja wa mvua upite. Ufa ambao haujavuka mstari ni kovu la zamani, nao unazibwa. Ufa uliovuka unaonyesha kwamba msingi bado unatembea, na plasta haitausimamisha. Lakini ukuta ulioinama msiungojee. Mhamisheni mtu anayelala karibu nao siku hiyo hiyo, na paa litegemezwe kwa nguzo kabla ukuta haujaguswa.

Tuwarudie wale wawili. Siku walipopanda darini pamoja walikuta kwamba mabati mengi ya Kitale ni mazima. Maji yalikuwa yakiingia pale bomba la moshi la meko linapokutana na paa, kwa sababu bati la kuziba pembeni lilikuwa limeoza. Fundi wa mke alikuwa amepanga kuezua paa lote. Huko Bungoma walikuta paa halina gata, maji yote ya nyuma yanaanguka miguuni mwa ukuta, na mchwa wamekula nguzo. Mifuko 20 ya simiti ambayo mume aliinunua kwa ajili ya kupiga plasta ilikuwa dawa isiyo ya ugonjwa ule. Hivyo wote wawili walikuwa karibu kupoteza fedha, na ndoa ikiwa katika ugomvi juu ya kazi ambazo hazikuhitajika.

SOMO LA PILI: JUENI NYUMBA NI YA NANI

Swali hili wanandoa wengi huliona la aibu. Hata hivyo ni bora kuliuliza kabla ya mabati kupanda kuliko kuliuliza mbele ya hakimu.

Kwanza nendeni katika ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi rasmi wa hati. Mtaona jina la mwenye ardhi na kama ina deni la benki. Katika Trans Nzoia wako watu waliokaa miaka mingi katika shamba lililonunuliwa kwa kikundi, na kumbe hati bado iko katika jina la kikundi. Mtu wa namna hiyo afuatilie hati yake kabla ya kujenga upya.

Pili, jueni sheria inavyosema juu yenu wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Inasema pia kwamba mchango wa mtu si fedha tu. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba ni mchango vilevile. Na ikiwa mali ni ya mmoja wenu, lakini mwenzake amechangia kuitengeneza, huyo aliyechangia anapata haki kwa kiasi cha mchango wake. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja huonyesha mchango wake. Sitaji mambo haya ili mjiandae kuachana, Mungu apishe mbali. Nayataja kwa sababu kifo huja bila kupiga hodi, na mjane au mgane mwenye karatasi zake hasumbuliwi kwa urahisi.

Tatu, nyumba iliyo katika ardhi ya marehemu baba ni jambo jingine kabisa. Kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, mtu akifa bila wosia akaacha mjane na watoto, mjane ana haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote. Baada yake watoto hugawana sawa, wavulana kwa wasichana, walioolewa na wasioolewa. Hivyo yule kifungua mimba wetu akisema "nyumba yangu ya Bungoma" anajidanganya. Ni nyumba ya mama yake, na kesho ni urithi wa ndugu zake wote. Fedha atakayoitia pale haitampa nyumba.

Je, basi asiitengeneze? Aitengeneze! Lakini aite jambo kwa jina lake. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kila shilingi mnayoitia katika nyumba ya zamani, semeni kwanza ni shilingi ya namna gani: ni ya kujenga nyumba yetu, ni zawadi, au ni mkopo utakaorudishwa. Zawadi kwa mama mzazi ni jambo takatifu, lakini mwenye kutoa zawadi lazima awe nacho cha kutoa, na mali ya wawili hutolewa na wawili. Ugomvi mwingi huzaliwa pale mmoja anapotoa zawadi, huku mwenzake akidhani wanajenga kwao.

Wakati huo huo anzeni shughuli ya urithi. Huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha maombi hupelekwa mahakamani, Bungoma au Kitale kulingana na mahali ilipo mali. Mkikwama, mtafuteni wakili, au muulize parokiani kama ofisi ya Haki na Amani ya jimbo inaweza kuwaelekeza.

SOMO LA TATU: HESABU MOJA, MACHO MAWILI

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani kuchukua sadaka na kulitengeneza hekalu lililobomoka. Fedha ziliingia, lakini hata mwaka wa 23 wa utawala wake hapakuwa na ufa uliozibwa. Makuhani hawakuitwa wezi. Ni kwamba fedha zilikuwa mikononi mwa wengi na hazikuwa na hesabu. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na altare. Fedha zilipojaa, watu wawili walizihesabu pamoja: karani wa mfalme na kuhani mkuu. Baada ya hapo maseremala, waashi na wachonga mawe wakalipwa, na kazi ikaenda.

Mnaona? Sanduku moja, na watu wawili wa kuhesabu. Wekeni fedha za nyumba mahali pa peke yake, zisichanganyike na za unga na mafuta ya taa. Ikiwa mnalipa kwa M-Pesa, ujumbe usifutwe. Kila usiku andikeni daftarini kilichotoka, na wote wawili mtie sahihi. Msione haya kwamba ni utoto. Anayeandika hana haja ya kuapa.

Kisha itazameni kalenda. Huku kwetu mwezi wa kutengeneza paa ni Desemba mpaka Februari, wakati wa jua, kabla ya mvua kubwa kuanza Machi kuelekea Aprili. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo ya karo ya Januari, na baada yake mbegu na mbolea za kupanda. Fedha ya mahindi inaitwa na watu watatu kwa mkupuo mmoja. Basi ondoeni kwanza karo na mbegu. Kinachobaki ndicho cha nyumba, hata kama ni kidogo. Familia iliyoezeka paa ikakosa mbegu italala chini ya mabati mapya na njaa.

Katika hicho kilichobaki, tengeni shilingi 20 katika kila 100 kwa mambo yasiyoonekana. Nyumba ya zamani haikosi siri: mkifungua ukuta mtakuta mbao iliyooza, mkichimba mtakuta bomba lililopasuka. Asiyetenga akiba hiyo huacha kazi katikati, na wapita njia wakamcheka kama yule mjenzi wa mnara aliyetajwa na Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14.

Kwa fundi nako kuna utaratibu. Mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na nani anamlipa mtu wa mkono. Vifaa nunueni wenyewe, mkiulizia bei katika hadiwea zaidi ya moja. Mabati msiangalie rangi tu, ulizeni geji. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 kuliko 32. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua baada ya ninyi wawili kuikagua. Na asiagizwe na watu wawili maneno mawili. Fundi akiona mama anasema hivi na baba anasema vile, atafuata lililo rahisi kwake.

SOMO LA NNE: MAJI KWANZA, RANGI MWISHO

Adui wa nyumba ya zamani ni maji. Kwa hiyo kazi ianze juu: paa, kisha gata, kisha mtaro wa kuyaondoa maji mbali na msingi. Baada ya hapo mbao na kuta. Kisha mchwa, kisha stima, kisha plasta. Rangi ni ya mwisho. Wanandoa wengi huanza na rangi kwa sababu wageni wa Krismasi wanakuja. Ifikapo Mei doa lile lile limerudi.

Kuta za udongo zina adabu yake. Simiti ikipigwa juu ya udongo haishikamani vizuri, nayo huzuia unyevu kutoka. Baada ya muda hupasuka na kuanguka vipande vipande, ikiubandua na udongo wenyewe. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Lamu, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wanajua jambo linalofanana na hilo: kuta zao za mawe ya matumbawe hutengenezwa kwa chokaa, ambayo huacha ukuta upumue. Huku kwetu bibi zetu walikuwa wakikandika kwa udongo, samadi ya ng'ombe na majivu, na hawakuwa wajinga. Nguzo zilizoliwa zibadilishwe, sehemu ya chini ya ukuta ijengewe mawe na simiti ili mvua isiipige, paa lipate gata, na sehemu ya juu ikandikwe kama zamani.

Kuna hatari tatu ambazo hazitaki mzaha. Ya kwanza ni asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu yaliyoezekwa katika nyumba nyingi za zamani. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni na laweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka miongoni mwa taka za hatari. Msiivunje, msiitoboe, msiisugue, wala msiifanye banda la kuku. Iondolewe na watu wenye leseni, kwa kufuata maagizo ya NEMA. Ya pili ni rangi za zamani, ambazo nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Zisikwanguliwe kavu. Zilowesheni maji kwanza, na mama mjamzito na watoto wawe mbali. Ya tatu ni nyaya za stima zilizokauka na kupasuka. Kazi hiyo ni ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, wala si ya kijana wa jirani.

Na mkitaka kuongeza chumba au kubomoa ukuta unaobeba paa, ulizeni kwanza ofisi ya mipango ya kaunti. Kibali ni sharti la Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019.

SOMO LA TANO: KUISHI NDANI YA VUMBI

Wengi hawana pengine pa kwenda wakati nyumba inatengenezwa. Hulala sebuleni watu sita, vyombo viko uani, na simiti iko hata katika ugali. Katika hali hiyo neno dogo huwa kubwa. Mume, usihesabu fedha za fundi ukasahau kazi ya mkeo. Yeye huwapikia mafundi chai saa nne na chakula saa saba, hufagia mara tatu, huwatuliza watoto, na biashara yake imelala. Huo nao ni mchango. Mke, usimlinganishe mumeo na jirani aliyemaliza nyumba yake kwa mwezi mmoja. Hujui deni lake.

Kamilisheni chumba kimoja kwanza mkihamie, ndipo mwende cha pili. Wekeni saa moja jioni iwe mwisho wa mazungumzo ya mabati. Baada ya hapo ni chakula, sala na usingizi.

Tena ndugu wa mume wahusishwe mapema. Mwana mwenyewe ndiye amwambie mama yake kiasi walichoweza, asimtume mkewe kupeleka habari ya upungufu. Mke akitumwa, kwa miaka mingi ataitwa yule aliyemzuia mtoto kumjengea mama yake. Vivyo hivyo mke aseme mwenyewe na watu wa kwao.

WALE WAWILI WALIFANYAJE?

Katika mfano wetu, mume na mke waliketi mezani jioni moja ya Jumapili. Kila mmoja alikiri lake: mmoja simiti, mwingine arubuni. Waliandika karo na mbegu kwanza. Halafu walimlipa fundi wa Kitale kazi ya kuziba pale penye bomba la moshi, kubadilisha mabati manne na misumari. Kilichobaki walikiandika kwa jina la zawadi kwa mama, na wote wawili wakatia sahihi. Mama alihamishiwa chumba cha mbele siku iliyofuata. Baadhi ya simiti ilitumika katika miguu ya ukuta na mtaro, na mwenye hadiwea akakubali kubadilisha mifuko iliyobaki kwa gata. Mume aliwaita ndugu zake na dada zake. Mmoja alileta nguzo, mmoja alilipa fundi, mwingine aliahidi na mpaka mvua inaanza alikuwa hajaleta. Shughuli ya urithi bado iko mahakamani.

Mambo hayakumalizika yote, kama mnavyoona. Lakini mvua ya Aprili ilipokuja, beseni zilikuwa jikoni mahali pake, na mama alilala pakavu. Na mke alipokwenda Bungoma, mama mkwe wake alimpokea kwa mikono miwili, kwa maana alikuwa amekwisha kuambiwa na mwanawe kwamba zawadi ile ilitoka kwa wote wawili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NINYI WAWILI

1. Katika nyumba yetu, ni jambo gani linalohitaji kutengenezwa ambalo mmoja wetu analiona kila siku na mwingine halioni?

2. Hati ya ardhi tunayoishi iko katika jina la nani? Mara ya mwisho kuitazama ilikuwa lini?

3. Je, kuna fedha niliyotoa kwa wazazi au ndugu zangu bila mwenzangu kujua? Kwa nini sikusema?

4. Tukipata fedha za mavuno mwaka huu, mambo matatu ya kwanza ni yapi? Kila mmoja aandike peke yake, kisha tulinganishe.

5. Wazazi wetu walio hai wanalala pakavu? Tunaweza kutoa nini, sisi wawili, bila kuwanyima watoto?

Jibuni maswali haya kabla ya kumwita fundi. Mkiona mmeshindwa kukubaliana katika swali la tatu, msione aibu kumwendea wanandoa wakubwa wa jumuiya yenu au paroko. Kazi ya paa inaweza kungoja wiki mbili.

Mungu awabariki, na aibariki nyumba yenu.